Mistari miwili isiyopatana: kisa cha K. Warner Schaie na utafiti wa Seattle

Mwaka 1963 mwanasaikolojia K. Warner Schaie, akiwa na miaka 35, aliwapima upya wakazi wa Seattle aliokuwa amewapima miaka 7 nyuma kwa ajili ya tasnifu yake. Hesabu zilipokamilika alibaki na mistari miwili inayoonyesha uwezo wa akili kadiri umri unavyosonga, na mistari hiyo haikupatana. Wa kwanza, uliotokana na kulinganisha vijana na wazee waliopimwa mwaka mmoja, ulianza kuteremka mapema, watu wakiwa bado katikati ya maisha yao ya kazi. Wa pili, uliotokana na kumlinganisha kila mtu na alama zake mwenyewe za zamani, ulikwenda karibu bapa mpaka kwenye miaka ya sitini. Mji ni uleule, mtihani ni uleule, na wengi wa waliopimwa ni walewale.

Mtafiti mwingine angeuchagua mstari uliompendeza na kuutafutia ule wa pili kisingizio. Schaie aliamua kwamba kutopatana kwenyewe ndiko matokeo. Kutokana na uamuzi huo ilizaliwa kazi iliyomchukua maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 2023. Naandika juu ya kisa hiki kwa sababu hadi leo makala nyingi kuhusu "ubongo wa mzee" zinaendelea kuuchora mstari wa kwanza huku zikidai kuusimulia wa pili.

Kijana wa mashine ya kuchapa

Schaie alizaliwa mwaka 1928 Stettin, mji uliokuwa wa Ujerumani na sasa ni Szczecin, Poland. Familia yake ya Kiyahudi iliwakimbia Wanazi hadi Shanghai, mojawapo ya sehemu chache sana duniani ambako mkimbizi Myahudi aliweza kuingia bila viza. Baada ya vita akahamia Marekani. Alisoma huku akijikimu kwa kazi ya uchapaji, na shahada yake ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1952.

Aliingia kwenye masuala ya uzee kwa njia ya mlango wa nyuma. Akiwa bado mwanafunzi Berkeley alivutiwa na majaribio ya uwezo wa msingi wa akili yaliyobuniwa na L. L. Thurstone, yanayoigawa akili katika vipande: kuelewa maana za maneno, kuzungusha maumbo kichwani, kubaini kanuni iliyojificha katika mfululizo wa herufi, hesabu, na wepesi wa kutoa maneno. Daktari wa familia yake alikuwa akihudumia wagonjwa wazee, na wagonjwa hao ndio waliompa kijana huyu watu wazima wa kuwapima. Mwaka 1951, kabla hata ya kuhitimu, alikuwa ameshawasilisha matokeo hayo kwenye kongamano la kimataifa la gerontolojia, yaani elimu ya uzee, huko St. Louis. Fani yenyewe ilikuwa changa. Chama cha Gerontolojia cha Marekani kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1945 tu, na Taasisi ya Taifa ya Uzee ya nchi hiyo isingezaliwa mpaka 1974. Uwanja ulikuwa mtupu kiasi kwamba mwanafunzi mwenye karatasi za mtihani na chumba cha kupimia watu angeweza kusema jambo jipya.

Watu 500 na orodha ya wanachama

Kwa shahada ya uzamivu alikwenda Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, chini ya usimamizi wa Charles Strother. Hapa ndipo bahati ilipokutana na akili. Sampuli nyingi za wazee siku zile ziliokotwa popote: makao ya wazee, wodi za hospitali, vikundi vya kanisa. Schaie alipata njia ya kuingia katika Group Health Cooperative, ushirika wa huduma za afya ambao watu walijiunga kwa kulipa ada. Ulikuwa na wanachama wazima wapatao 18,000, wote wamo kwenye orodha, wana anwani, na tarehe zao za kuzaliwa zinajulikana. Kutoka humo akateua kwa bahati nasibu wanaume 25 na wanawake 25 kwa kila kipande cha miaka mitano ya umri, kuanzia 20 hadi 70. Jumla watu 500.

Mpango huo wa 1956 haukukusudiwa kuwa utafiti wa muda mrefu. Ilikuwa tasnifu ya kawaida, na swali lake kuu lilihusu ugumu wa kubadilika: je, watu wenye akili isiyopindika hupungukiwa mapema zaidi na uwezo wao? Jibu alilolipata mwaka ule si lililomfanya ajulikane. Kilichomtajirisha ni ile orodha. Ushirika wa afya huwakumbuka wanachama wake kwa miaka, na mtu anayetaka kuwatafuta baadaye ana pa kuanzia. Nadhani nusu ya ubora wa utafiti huu iko kwenye jambo hili la kiofisi kabisa.

Orodha hiyo ilikuwa na kasoro yake, na Schaie hakuificha. Ilishika takriban robo tatu za juu za hali ya kiuchumi ya eneo lile. Walimu, wafanyakazi wa viwandani, watumishi wa serikali walikuwemo. Mafukara wengi walibaki nje.

Elimu ya wakati ule ilisema nini

Tangu majaribio makubwa ya akili yaliyofanywa kwa wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, takwimu zilikuwa zikionyesha kwamba maofisa wenye umri mkubwa walipata alama za chini kuliko vijana. David Wechsler, aliyetengeneza kipimo cha akili cha watu wazima kilichotumika kuliko vyote, aliandika kwamba uwezo hufikia kilele ujanani na kuanza kushuka baada ya hapo, sawasawa na nguvu nyingine za mwili. Hilo lilifundishwa vyuoni kama jambo lililokwisha.

Ila mwaka 1953 William Owens alitoa taarifa iliyowakera wengi. Alikuwa amewatafuta wanaume 127 waliofanya mtihani wa jeshi wakiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko Iowa mwaka 1919, akawapa mtihani uleule mwaka 1950. Hawakuwa wameshuka. Kwa jumla walikuwa wamepanda. Wengine walijibu kwamba hao ni wasomi, hawawakilishi mtu yeyote ila wao wenyewe, na jibu hilo lilikuwa na haki yake. Schaie alisoma pande zote mbili na akaona kwamba ugomvi huu hauwezi kuamuliwa kwa kubishana, kwa sababu kila upande ulitumia watu tofauti na njia tofauti. Yeye alikuwa na watu ambao wangeweza kupitishwa katika njia zote mbili. Akaomba fedha, akazipata, akawarudia. Pengo la miaka 7 lililotokea hapo likageuka kuwa ratiba ya maisha yake.

Katika watu 500, alifanikiwa kuwapima upya 303. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni la maana kuliko fomula zote alizoandika baadaye: akarudi kwenye orodha ya ushirika uleule na kuchukua watu wapya 997 ambao hawajawahi kupimwa.

Kuusoma ugomvi wa mistari

Tukae hapa kidogo, maana kisa chote kiko hapa.

Mtu wa miaka 70 aliyepimwa mwaka 1956 alizaliwa mwaka 1886. Kijana wa miaka 20 aliyepimwa mwaka huohuo alizaliwa 1936. Tunapozilinganisha alama zao tunasema tunaangalia tofauti ya miaka 50 ya umri. Lakini pia tunalinganisha mtoto aliyekua kabla ya redio na aliyekua nayo. Mwaka 1910 ni kijana mmoja hivi katika kila kumi wa Marekani aliyemaliza shule ya sekondari. Kufikia 1940 ilikuwa karibu nusu. Huyo bibi au babu wa 1886 huenda hakuwahi kukaa mbele ya karatasi ya maswali ya kuchagua jibu kwa saa ya kupimia. Alama yake ya chini inaweza kuwa ile aliyokuwa nayo tangu ujana, haijashuka hata kidogo. Kilichopanda ni rika lililomfuata, yaani kundi la watu waliozaliwa miaka ya baadaye.

Mstari wa kwanza, basi, una vitu viwili vilivyosukwa pamoja: umri na rika. Ukiuangalia peke yake huwezi kujua kipi ni kipi, hata ukiongeza sampuli hadi watu milioni moja.

Mstari wa pili nao si malaika. Mtu aliyezaliwa 1906 alikuwa na miaka 50 mwaka 1956 na miaka 57 mwaka 1963. Asiposhuka, inawezekana kweli hajashuka. Inawezekana pia kwamba ameshaufahamu mtihani, na kuufahamu huko kumeziba upungufu. Inawezekana waliokuwa wakishuka ndio hasa hawakurudi: kati ya wale 197 waliokosekana kuna waliofariki, waliougua, waliohama, na waliokataa. Utafiti wenyewe ulionyesha, wimbi la upimaji baada ya wimbi, kwamba wasiorudi walikuwa na alama za chini tangu mwanzo kuliko waliorudi. Anayebaki hadi mwisho si mtu wa wastani.

Sasa angalia kazi wanayoifanya wale 997. Miongoni mwao wamo waliozaliwa 1906, wenye miaka 57, wanaopimwa kwa mara ya kwanza. Hawana mazoea ya mtihani, na hakuna aliyechujwa kwa kutorudi. Ukiwalinganisha na wenzao wa 1906 waliopimwa 1956 wakiwa na miaka 50, unapata badiliko la rika moja kwa miaka 7 bila uchafu wa mazoea. Ukiwalinganisha na wale wa 1906 waliorudi mara ya pili, unapata kipimo cha mazoea na mchujo kwa pamoja. Na ukichukua watu wa miaka 57 wa 1956, waliozaliwa 1899, ukawaweka kando ya watu wa miaka 57 wa 1963, umri unafutika na unabaki na tofauti ya marika na ya nyakati. Hakuna ulinganisho hata mmoja ulio safi, ila kila mmoja una uchafu wa aina yake, na ukiwa nao wote unaweza kuona kipi kinavuja wapi.

Kilichojitokeza ni kwamba sehemu kubwa ya ule mteremko wa mapema ilikuwa ya marika. Mistari miwili iligombana kwa sababu kila mmoja ulikuwa ukijibu swali lake.

Nadharia ya 1965 na mkosoaji aliyekuja kuwa mwenzake

Mwaka 1965 Schaie alichapisha katika jarida la Psychological Bulletin kile alichokiita modeli ya jumla ya kuchunguza matatizo ya ukuaji. Ndani yake alipendekeza mipango mitatu ya kukusanya data, kila mmoja ukioanisha vitu viwili kati ya umri, rika na wakati wa kupima, akidai kwamba kwa kuitumia yote mtafiti anaweza kuvitenganisha vitatu hivyo.

Dai hilo lilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Umri wa mtu ni mwaka aliopimwa ukitoa mwaka aliozaliwa. Ukijua viwili, cha tatu kimejileta chenyewe. Hakuna hesabu inayoweza kuvitenganisha kabisa vitu vitatu ambavyo kimoja hakina uhuru wake, isipokuwa mtafiti aongeze dhana kutoka nje ya data, kwa mfano kwamba mwaka wa kupima hauna athari yoyote. Aliyelisema hili kwa ukali alikuwa kijana Mjerumani, Paul Baltes, katika makala ya 1968: mipango miwili yatosha, wa tatu haukuongezei habari mpya.

Baltes huyohuyo alifundisha katika idara moja na Schaie huko Chuo Kikuu cha West Virginia, na mwaka 1975 waliandika pamoja wakielezea walipokubaliana: kuielezea sura ya mabadiliko ni kazi moja, na kutafuta kisababishi chake ni kazi nyingine. Katika kuielezea sura, mipango ile inafaa sana. Katika kutafuta kisababishi, hesabu peke yake haitoshi, lazima ulete maarifa ya historia, ya elimu, ya afya. Wanafunzi wengi wa gerontolojia hufundishwa modeli ya 1965 kana kwamba ndiyo mchango wake mkuu. Mimi naona ndiyo sehemu dhaifu. Chenye nguvu ni tabia ya kurudi kila miaka 7 na watu wapya kutoka kwenye chimbuko lilelile.

Ugomvi mwingine ulikuwa mkali zaidi. Baltes na Schaie walipoandika mwaka 1974 kwa wasomaji wa kawaida kwamba kushuka kwa akili uzeeni kwa sehemu kubwa ni ngano, John Horn na Gary Donaldson walijibu mwaka 1976 kwamba wawili hao wamepitiliza. Uwezo wa kukabiliana na jambo geni kwa kasi hushuka, walisema, na anayewaambia watu vinginevyo anawafariji tu. Ukizisoma hoja zao leo utaona walikuwa na haki juu ya lugha iliyotumika, kwani neno ngano lilikuwa zito mno kwa data zilizokuwepo.

Mawimbi yaliyofuata

Upimaji uliendelea mwaka 1970, 1977, 1984, 1991, 1998 na 2005. Schaie mwenyewe alihama kutoka West Virginia kwenda Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, kisha Pennsylvania State mwaka 1981, na baadaye akarejea Seattle. Utafiti ulihama naye katika makabati, huku wapimwa wakibaki walipo. Baadaye wakaongezwa watoto wao wazima na ndugu zao.

Picha iliyopatikana haikumpendeza kabisa mwenye matumaini wala mwenye hofu. Kwa wastani, upungufu unaoweza kuthibitishwa hauonekani kwa uwezo mwingi kabla ya miaka 60. Hesabu na kasi ya kutambua vitu kwa macho huanza kulegea mapema zaidi, ilhali msamiati hudumu sana. Baada ya 60 karibu kila mtu huwa ameshuka mahali fulani, lakini kushuka kwa uwezo wote mitano kwa pamoja ni nadra hata kwa walio katika miaka ya themanini. Watu hutofautiana vibaya sana: wapo wa miaka 80 wanaowapita wa miaka 40. Waliodumu vizuri walikuwa na mambo yanayojirudia, yakiwemo kutokuwa na maradhi ya moyo na mishipa, kazi yenye mambo mengi ya kufikiria, tabia inayokubali mabadiliko walipokuwa na umri wa kati, na mwenzi wa ndoa mwenye akili iliyochangamka. Hilo la kukubali mabadiliko ni swali lake la 1956, lililopata jibu baada ya miongo kadhaa ya kusubiri.

Marika nayo hayakupanda yote kwa pamoja, kinyume na wanavyodhani wanaoamini kila kizazi kinamzidi mzazi wake. Kubaini kanuni na kuelewa maneno vilipanda kwa karibu kila rika jipya. Hesabu ilifika kilele kwa waliozaliwa karibu na 1924, kisha ikaanza kuteremka kwa waliokuja nyuma yao. Mzee aliyezaliwa miaka ile angeweza kumshinda mwanawe kwa kujumlisha bila mmoja wao kuwa amebadilika.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha 1986, alichofanya na mkewe, mtafiti Sherry Willis. Walichukua watu 229 wenye miaka 64 na zaidi ambao alama zao za miaka 14 zilikuwa tayari zimo kabatini, hivyo ilijulikana nani ameshuka na nani hajashuka. Kila mmoja akapewa mafunzo ya saa tano tu, ama ya kubaini kanuni ama ya kuzungusha maumbo, na kila kundi likawa kipimo cha ulinganisho kwa lingine. Theluthi mbili hivi waliboreka, na takriban asilimia 40 ya waliokuwa wameshuka walirudi pale walipokuwa miaka 14 nyuma. Kwa kundi hilo, basi, sehemu ya kushuka ilitokana na kuacha kutumia uwezo, si kuupoteza. Faida ilibaki kwenye kile kilichofundishwa. Aliyefundishwa kuzungusha maumbo hakuwa hodari zaidi wa kubaini kanuni. Wauzaji wa michezo ya "kunoa ubongo" hupenda kulinukuu nusu ya kwanza ya matokeo hayo.

Haya yote yalikuwa yakitokea wakati Marekani ikibishana kuhusu kustaafu kwa lazima. Sheria ya 1967 dhidi ya ubaguzi wa umri kazini iliwalinda wenye miaka 40 hadi 65. Mwaka 1978 ukomo ukapandishwa hadi 70, na 1986 ukaondolewa kwa wafanyakazi wengi; maprofesa wa vyuo walisubiri hadi mwisho wa 1993. Hoja ya Schaie katika mjadala huo ilikuwa nyepesi kuielewa: tarehe ya kuzaliwa ni kipimo kibaya cha uwezo wa mtu kufanya kazi, na kama mwajiri ana wasiwasi, basi aupime uwezo.

Ugomvi ulivyobaki

Mwaka 2009, Schaie akiwa na miaka 81, Timothy Salthouse alichapisha makala akisema kushuka kwa baadhi ya uwezo huanza watu wakiwa na miaka ya ishirini na thelathini, na kwamba tafiti za kuwafuatilia watu hazilioni hilo kwa sababu mazoea ya mtihani yanalifunika. Schaie alijibu katika jarida lilelile, akimshutumu kwa kuufufua ule ule upotofu wa kulinganisha watu wa umri tofauti kwa mkupuo mmoja. Nusu karne ilikuwa imepita na mistari miwili ilikuwa bado haijapatana.

Salthouse ana hoja ambayo haiondoki kwa kukemewa. Mazoea ya mtihani yapo, na kijana hunufaika nayo kuliko mzee, jambo linaloweza kuutia mchoro upinde ambao si wa umri. Ila dawa ya tatizo hilo imo katika muundo wa Seattle, katika wale wapya wanaochukuliwa kila wimbi na kupimwa mara ya kwanza wakiwa na umri wowote. Wao hawana mazoea, na hata ukiwatumia hao peke yao, rika dhidi ya rika, mteremko wa mapema hupungua sana ukilinganisha na ule wa mkupuo mmoja. Haufutiki wote. Kwa kasi, unabaki. Kwa maneno, haupo. Kwa kubaini kanuni, inategemea marika gani umeyaweka kwenye mizani, na hilo ndilo Schaie alilokuwa akilisema tangu 1965, hesabu zake zikiwa na upungufu lakini data yake ikiwa sawa.